Mrejesho: Safari yetu ya injili Kampala

Bwana asifiwe, wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza: sisi vijana 12 wa Busia tunaokwenda Kampala siku 6, mitaa ya Katwe na Nsambya, tujiandae vipi, na je, Kiswahili kitatosha? Tumerudi salama.

Aliyesema tuanze kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), ubarikiwe. Tulimpelekea barua ya mchungaji siku ya kwanza, na polisi walipotuuliza baadaye, yeye mwenyewe ndiye aliyetujibia.

Kiswahili sasa. Kwa Wakongomani wanaoishi huko kilitosha, ingawa wao husema "batu" pale sisi tunaposema watu. Mwenzetu mmoja alicheka mpaka akakemewa. Kwa Waganda, hapana. Mzee mmoja alituuliza kama sisi ni wanajeshi. Kwa watu wa umri wake Kiswahili ni lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani, enzi za Amin. Tulipomsalimu kwa Kiganda, "Osiibye otya, ssebo" (umeshindaje, bwana), dada zetu wakapiga magoti, mzee akaagiza viti. Jifunzeni hata salamu tu, jamani.

Kosa letu lilikuwa bajeti: tulihesabu nauli ya basi, tukasahau taksi za kila siku pale mjini. Na foleni! Ibada ya Jumatano tuliikuta kwenye sala ya kufunga.

Spika tuliyobeba kwa mbwembwe haikuwashwa. Mazungumzo yenye maana tuliyapata kwa akina mama wauza vitenge, tukiwasaidia kukunja.

Agosti tunarudi. Spika inabaki Busia.