Mchekeshaji yuleyule: huku mbavu hawana, kule wamenuna. Tupeane uzoefu

Mbavu Sina
Wakuu, habari za jioni. Ile klipu ya mchekeshaji anayemwigiza mtu mwenye kigugumizi naona imezunguka kila mahali wiki hii. Jina simtaji, wengi mmeshaiona. Huku wanasema jamaa fundi, kule wanataka anyang'anywe maiki. Mimi imenikumbusha yangu.

Mdogo wangu ana kigugumizi tangu utoto. Mwaka jana nilimpeleka kwenye shoo pamoja na mama. Tukakaa safu moja, mama kushoto, mimi katikati, dogo kulia. Shoo imekolea, mchekeshaji (mwingine, si wa hiyo klipu) akaanza habari ya kigugumizi aliyepiga simu zimamoto nyumba inaungua. Wakuu, nilicheka. Nilicheka kabla sijakumbuka nimekaa na nani, na kicheko kikishatoka hakirudi. Kumgeukia mama, uso ameukunja, mkoba keshautia begani. Kumgeukia dogo, ametulia tuli anatazama jukwaa, kama seremala anayemtazama seremala mwenzake akipigilia msumari.

Mama akainuka akatoka. Njia nzima anamlaumu mchekeshaji, ananilaumu mimi, anaulaumu ukumbi mzima. Dogo kimya. Tunakaribia nyumbani ndiyo akafungua mdomo: "Ye-ye-yule hajui kazi." Mama akadaka, "Si nilisema!" Dogo akamkatiza: "A-amekwama mwisho wa neno. Sisi tunakwama mwa-mwanzoni."

Halafu akatuambia sehemu aliyoipenda ni pale jamaa aliposhindwa kabisa kuongea, akaamua kuwaimbia zimamoto anwani yake. Maana ni kweli, dogo akiimba hakwami hata silabi moja.

Safu moja, damu moja, kila mtu na lake. Nikisikia "watazamaji wamechukia" siku hizi nauliza, wepi hao? Haya, tupeane uzoefu. Ulicheka au ulinuna, na kwa nini?

Tembo Dume
Naunga mkono hoja.

Binti Machachari
Mbavu Sina umenigusa. Mimi ni mnene, sifichi. Nikiwa ukumbini sisikilizi utani, naangalia macho ya mchekeshaji. Yanatembea, yanatembea, yanatafuta. Yakinifikia tu naanza kucheka kwa nguvu hata kabla hajasema neno. Ni kama kumwonyesha kondakta kwamba nimeshalipa, apite. Watu wa pembeni wanadhani nafurahi. Nikirudi nyumbani mashavu yananiuma na sikumbuki kichekesho hata kimoja.

Babu Mkongojo
Tatizo lenu mnashangilia matusi. Zamani mchekeshaji alikuwa na adabu, familia nzima inakaa inacheka. Hawa wa sasa bila kutukana hawana kitu.

Kalamu Butu
Zamani ipi hiyo mzee wangu? Lenny Bruce, mchekeshaji wa Marekani, alitiwa hatiani New York mwaka 1964 kwa aliyoyasema jukwaani. Alikufa 1966 hukumu ikiwa bado inamning'inia, msamaha wa gavana ukaja 2003. George Carlin naye alikamatwa Milwaukee 1972, na utani wake wa aina hiyohiyo uliporushwa redioni kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, 1978. Hiyo ndiyo zamani yako ya adabu.

Babu Mkongojo
Nazungumzia adabu wewe unaniletea watu waliokamatwa. Kwani si umenithibitishia?

Kalamu Butu
Mzee nimekuthibitishia kwamba ugomvi huu ni wa siku zote. Alichokuwa anahukumiwa Bruce leo watu wanakilipia kiingilio.

Jicho la Tatu
Wala msiende mbali. Kofi la Will Smith kwa mchekeshaji Chris Rock pale Oscar, 2021, dunia nzima iligawanyika.

Kalamu Butu
27 Machi 2022.

Jicho la Tatu
Profesa asante. Turudi kwenye hoja. Ule utani ulikuwa wa upara wa Jada, mke wa Smith, na Jada ana ugonjwa wa kupukutika nywele. Rudieni video muangalie vizuri: utani unapotoka, Smith mwenyewe anaonekana anacheka! Mkewe ndiye anayezungusha macho. Sekunde chache baadaye jamaa yuko jukwaani. Mtu mmoja, utani mmoja, kaucheka na kaupigania. Sasa tukiuliza "watazamaji waliupenda?" Smith tumhesabu upande gani?

Binti Machachari
Tumhesabu upande wa waliofungiwa miaka kumi wasihudhurie hafla za Oscar 😂

Tembo Dume
Naunga mkono hoja.

Safu ya Mbele
Jamani mimi sina nadharia. Mimi niliumbuka.

Nilikaa safu ya kwanza. Mchekeshaji akashuka na maiki yake akaanza kuhoji watu. Akafika kwetu. "Nyinyi wawili ni nani kwa nani?" Mimi nikasema, "Dada yangu." Bibie pembeni yangu, sekunde ileile, akasema, "Mchumba wangu."

Ukumbi ulianguka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, watu wanapiga viti. Jamaa wala hakuongeza neno, alitutazama tu, mara mimi, mara yeye, mara mimi. Kila akigeuza shingo watu wanaanza upya. Kwa waliokuwepo ile ilikuwa shoo ya mwaka. Kwa mimi ulikuwa mwisho wa dunia, maana kulikuwa na kamera.

Mbavu Sina
Weee! Endelea.

Jicho la Tatu
Kamera ikawaje? Usituache njiani.

Zuwena wa Pwani
Kwanza tuambie una mke au huna.

Safu ya Mbele
Tusitoke nje ya mada. Mada ni mchekeshaji.

Maiki Mbovu
Nimesoma nikaona niongee nikiwa upande wa pili. Mimi hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa tano sasa. Nina kichekesho cha mtu anayekoroma. Nimekisema usiku mwingi sana hata hesabu sina, na hakikuwahi kuniangusha. Namwigiza mke anayelala pembeni, anajua muziki wote: mluzi, kisha ngurumo, kisha kile kimya kirefu ambacho anakihesabia, moja, mbili, tatu, amekufa huyu? Halafu ngurumo inarudi. Kicheko kiko kwenye kile kimya. Nakivuta mpaka watu wanashindwa kuvumilia.

Nikaitwa kwenye sherehe ya kampuni. Kufika tu nikajua nimekwisha. Taa zimewashwa zote kama chumba cha mtihani. Meza za duara, maana yake nusu ya watu wamenipa mgongo. Dari liko juu huko, kicheko kikitoka kinapotelea kwenye paa. Sisi tunapenda ukumbi mdogo, dari fupi, giza, watu wamebanana viwiko. Mtu anacheka akijua hakuna anayemwona. Pale kila mmoja anamwona mwenzake, na wote wanamwona bosi, meza ya mbele. Bosi hacheki. Nikasema cha kwanza, macho yote yakaenda kwake kwanza, kisha yakarudi kwangu. Wanasubiri ruhusa, wakuu. Nilikuwa namchekesha mtu mmoja kwa niaba ya mia mbili.

Usipochekewa mwili unakusaliti. Ulimi unakauka, unaanza kukimbia maneno, na ukikimbia unaua hata vilivyobaki, maana kichekesho ni pumzi. Kijiko kilianguka meza ya mwisho nikakisikia. Nikakimbilia kwenye kukoroma, silaha yangu. Mluzi. Ngurumo. Kimya. Moja, mbili, tatu...

Kwenye kile kimya mama mmoja akasimama. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Akachukua shali yake kwenye kiti akatoka, na meza yake nzima ikainamisha vichwa. Sikujua nimefanya nini. Nikamaliza, watu wakapiga makofi yale ya kukusindikiza.

Nje nikamkuta amekaa ngazini. Nikamwomba radhi bila kujua naombea nini. Akaniambia mume wake alikuwa anakoroma hivyohivyo, miezi minne nyuma alihesabu mpaka tatu, akahesabu mpaka kumi. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kinanisumbua: "Umeigiza sawasawa kabisa."

Sasa niambieni, ule utani ulikuwa mbaya? Usiku uliofuata niliusema ukumbi mwingine, watu wakalia kwa kucheka. Sijaufuta. Ila kile kimya nakifupisha siku hizi, na kila nikifika hapo naangalia kama kuna mtu anachukua shali.

Mbavu Sina
Duh. Pole sana kaka.

Tembo Dume
Pole mkuu.

Kalamu Butu
Maiki Mbovu umeeleza vizuri kuliko vitabu. Kuna watafiti McGraw na Warren, 2010, waliandika kwamba kitu huchekesha kikivunja mwiko na wakati huohuo kikaonekana hakina madhara. Ukiondoa mwiko, kinachosha. Ukiondoa usalama, kinauma. Yule mama usalama wake ulikufa miezi minne kabla. Halafu hilo la kubanana viwiko: mtafiti Robert Provine alifuatilia kicheko miaka mingi, akakuta mtu akiwa na wenzake hucheka kama mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Ndiyo maana klipu ile ile uliyoifia ukumbini ukiitazama peke yako kitandani unajiuliza, hivi nilikuwa nacheka nini?

Babu Mkongojo
Sasa hilo la mama na shali ndilo nililokuwa nasema. Angekuwa na adabu asingegusa mambo ya ndani ya watu.

Binti Machachari
Babu, kukoroma nako ni tusi? Basi abaki kuchekesha habari za mawe.

Babu Mkongojo
Binti usinijibu hivyo, mimi rika la baba yako.

Binti Machachari
Samahani babu. Ila swali langu liko palepale. Kila jambo kuna mtu kaumia nalo, hata mawe kuna yaliyomwangukia. Mimi napima kwa kitu kingine: mchekeshaji anamcheka kigugumizi, au anacheka kile kinachompata kigugumizi? Zimamoto wanaomkatia simu ndio wajinga pale. Akiwacheka hao, niko naye. Unene wangu nao ni hivyo. Niambie habari ya kiti cha plastiki kilichoanza kulia nikiwa ukweni, nitacheka mpaka machozi, kwa sababu lilinitokea na hofu ile naijua. Ukiniita kiboko ukaishia hapo, umefanya kazi gani?

Jicho la Tatu
Hapo sikubaliani. Ukianza kuchuja nani anacheka nani, utani unakuwa hotuba. Mimi nalipa nichekeshwe, sijalipa kufundishwa.

Binti Machachari
Wewe siku zamu yako ikifika tutaongea.

Jicho la Tatu
Nina kipara tangu miaka 25, zamu yangu haijawahi kuisha. Nacheka.

Zuwena wa Pwani
Mimi ushauri wangu mfupi: usiende shoo na mkwe wako. Nilienda na mama mkwe. Kila utani wa mama mkwe, na kulikuwa na nane, alinigeukia kuona kama nacheka. Nilijizuia mpaka pua ikanitoa sauti kama birika. Hatujaizungumzia hadi leo.

Mbavu Sina
Kaeni safu za nyuma tu, yaishe.

Maiki Mbovu
Nyuma ndiko tunakoanzia siku hizi, tumeshawajua. Kaa kati, valia rangi ya kawaida, ukiulizwa kitu jibu kweli na kwa ufupi. Muongo ndiye mlo wetu.

Jicho la Tatu
Safu ya Mbele umesikia? 😂

Kalamu Butu
Mimi ningesema msihukumu kwa klipu. Sekunde arobaini hazina kilichotangulia. Ukumbini yule mtu ameshajicheka mwenyewe nusu saa, mmemzoea, mnajua si mkatili. Kwenye simu unakutana na mtu usiyemjua anamwigiza kigugumizi.

Zuwena wa Pwani
Na mimi nasema klipu inatosha. Aliyeikata na kuirusha si yeye mwenyewe? Alitaka tuhukumu. Safu ya Mbele, bado tunasubiri. Mkeo aliiona?

Safu ya Mbele
Haya, mtaniua. Aliiona. Alitumiwa na shemeji yangu, kaka yake, na vile vikatuni vya kicheko kumi na mbili. Nimeingia ndani nikamkuta amekaa sebuleni anaiangalia, na anacheka. Kweli kweli. Akairudisha nyuma, akacheka palepale pa mara ya kwanza. Nikaanza kupumua, nikasema labda ameichukulia kama utani. Mara ya tatu akaweka simu chini, akafuta machozi, akaniuliza: "Huyu wifi yangu kazaliwa lini, nimtumie zawadi?"

Mbavu Sina
Uwiiii!

Binti Machachari
Huyo mkeo ndiye apewe maiki.

Maiki Mbovu
Sikilizeni alivyoipanga. Hakugomba, neno lenye mchomo kaliweka mwisho. Natamani niwe nimeiandika mimi.

Babu Mkongojo
Hili nimecheka, nakiri. Lakini huyu kijana aende akaombe radhi.

Mbavu Sina
Wakuu, mrejesho. Nimemwonyesha dogo klipu ya wiki hii. Kaitazama mara mbili, ya pili kafunga macho anasikiliza tu. Kasema huyu anajua, ka-kakwama mwanzoni. Mama alikuwa jikoni, kasikia. Kasema siku akikutana naye atampiga na mkoba, akwame mwanzoni au mwishoni.

Tembo Dume
Naunga mkono hoja.

Jicho la Tatu
Tembo, tangu mwanzo unaunga mkono. Hoja ipi sasa?

Tembo Dume
Ya mkoba.