Siku nne na mzee wa miaka 71: Mabamba, Bunyonyi na Rwenzori zitatosha?

Mama Zuwena, Jinja

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu hapa Jinja, na mwezi Januari nitampokea baba yangu kutoka Mombasa. Ana miaka 71, alikuwa baharia ujanani, na tangu aliposikia kwamba Uganda kuna maziwa yaliyokaa juu ya milima hana habari nyingine kwenye simu isipokuwa hiyo. Tutakuwa wanne: mzee, mume wangu, mimi na binti yetu wa miaka tisa.

Nina siku nne tu. Nimepanga siku ya kwanza twende kinamasi cha Mabamba kumtazama ndege aitwaye korongo-nyangumi, siku ya pili na ya tatu tuwe Ziwa Bunyonyi, na siku ya nne tupande Rwenzori tuone angalau ziwa moja la huko juu kabla ya kurejea nyumbani. Mume wangu alitazama ramani akacheka, wala hakunieleza anachocheka. Naomba waliokwisha kufika waniambie kama mpango huu unatekelezeka, na kama mzee mwenye magoti mabovu anaweza kupanda na kushuka mtumbwi bila kuaibika mbele ya mjukuu wake.

Upondo

Mama Zuwena, wa aleikum salaam. Mumeo ana haki ya kucheka, ila asicheke sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya mpango wako ni nzuri. Rwenzori uifute. Ziwa Bujuku na maziwa ya Kitandara yako karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna gari linalofika huko. Watu hutembea siku kadhaa wakiwa na wapagazi, wamevaa gambuti, wakivuka matope ambayo ukikosea kukanyaga yanakumeza hadi gotini, na hewa yenyewe ni nyembamba kiasi cha kumuumiza kichwa hata kijana wa mpira. Hiyo ni safari ya wiki nzima na ya magoti mazima.

Mabamba ni jambo jingine, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Kinamasi kile, ambacho tangu 2006 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni mahali pa alfajiri. Mimi mwenyewe niliwahi kufika saa tano, jua limeshika kichwani, nikazungushwa saa mbili katika mifereji ya mafunjo nisione ila yungiyungi na mgongo wa msafiri mwenzangu. Mara ya pili nilikuwa ndani ya mtumbwi kabla ya saa moja. Tulipokaribia, mwenye chombo alizima mashine akashika upondo, akawa anausukuma chini ya tope pole pole bila kuugonga ubavu wa mtumbwi, na mbele yetu, hatua kama ishirini, alikuwa amesimama: wa kijivu, kimo cha mtoto wa shule, mdomo kama kiatu cha mbao. Hakutikisika kwa muda wa kutosha kunywa chai. Kisha akajitupa kifudifudi kwenye majani, akainuka na bonge la magugu mdomoni, akaacha magugu yadondoke kidogo kidogo mpaka akabakiwa na samaki aina ya kamongo peke yake.

Wavuvi wa pale walikuwa hawampendi ndege huyu hata kidogo, kwa imani kwamba ukimwona asubuhi utarudi bila samaki, na wengine walimuua. Siku hizi wapo wanaopata riziki kwa kuwaonyesha wageni yule yule waliyemfukuza.

Kwa hiyo lala Kampala au Entebbe usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Kutoka Kampala shika njia ya Masaka, uchepuke Mpigi kupitia Kasanje, na saa kumi na moja alfajiri uwe umekwisha kuwasha gari. Ukimaliza saa nne, endelea moja kwa moja hadi Kabale, ulale huko.

Muuguzi wa Masaka

Naunga mkono yote isipokuwa hilo la kwenda moja kwa moja. Kutoka Kampala hadi Kabale ni takribani kilomita 400, na mzee aliyeamka saa tisa usiku akakaa kwenye ubao wa mtumbwi saa tatu hawezi kuongezewa safari ya kutwa, miguu itavimba. Pumzikeni Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Ziwa Viktoria hadi ukuta wa mchanga ulipolitenga miaka ipatayo 4,000 iliyopita, na ambalo nalo limezungukwa na ardhi oevu. Kuna miti, kuna kivuli, na mtoto atachezea mchanga. Mkitoka hapo lalani Mbarara.

Jambo la pili ni la kazi yangu. Kichocho kipo katika mwambao wa Viktoria, na Mabamba ni sehemu ya ziwa hilo. Msiteremke majini kuusukuma mtumbwi, na binti asining'inize mikono nje. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kuondoka gatini. Mkiambiwa kwamba majaketi yamekwisha, subirini chombo kingine. Niliwahi kuambiwa hivyo mahali fulani nikaona haya kukataa, na saa zote mbili sikumwangalia ndege, niliangalia maji.

Mkiga wa Rutinda

Karibuni kwetu. Ushauri wa kulala Mbarara ndio sahihi, kwa sababu Bunyonyi lazima mlifikie mchana ili mzee alione kutoka juu, pale barabara ya kutoka Kabale inapomaliza kupanda na visiwa vinajitokeza vyote kwa mara moja. Tunavihesabu 29. Ziwa liko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Lilikuwa bonde la kawaida mpaka zaha, yaani lava, ya volkeno ilipoziba mdomo wake, maji yakajaa katikati ya vilima, na ndiyo sababu kingo zake zina mikunjo kama vidole vya mkono. Mtu wa pwani na alete sweta mbili. Ukungu huweza kulala juu ya maji hadi saa tatu asubuhi, na alasiri hutokea upepo, basi safari za majini zifanywe katikati ya hapo.

Kuhusu magoti: tatizo ni ngazi kuliko mtumbwi. Nyumba nyingi za wageni zimejengwa kwenye miteremko mikali, kwa hiyo unapoagiza vyumba uliza kwanza kuna ngazi ngapi hadi majini. Kwa visiwa vya mbali kodini boti ya mashine. Mfikeni Bwama, ambako daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Mtaonyeshwa pia Akampene, kipande cha nyasi chenye mti, ambapo zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe. Kijana asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja akamfanya mke. Binti wa miaka tisa atauliza maswali, jiandaeni.

Waongozaji watawaambia kina cha ziwa ni mita 900. Vipimo vya wataalamu vilipata takribani 40, ambazo zinatosha kabisa kwa asiyejua kuogelea. Mamba na viboko hawamo. Jioni agizeni kamba wa maji baridi. Si wa asili ya hapa, waliletwa, lakini tumewazoea.

Mama Zuwena, Jinja

Nashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Rwenzori nimeifuta, na mume wangu nimemsomea jibu la kwanza kwa sauti. Tutapita Mabamba na Nabugabo, tutalala Mbarara, kisha usiku mbili Bunyonyi, na siku ya nne yote itakuwa ya barabara hadi Jinja. Mzee nimemweleza kwa simu, naye ana swali moja tu: je, ataruhusiwa kushika kafi mwenyewe?

Mkiga wa Rutinda

Ataruhusiwa, mpe shikamoo yangu. Mitumbwi yetu ni magogo ya mkalitusi yaliyochongwa, haina mkuku kama vyombo vya kwenu, na mgeni akiishika huzunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa. Nimewaona wanaume wazima wakizunguka nusu saa mbele ya gati huku watoto wa shule wakiwapigia makofi. Yeye akae mbele na kafi lake. Nyuma nitakaa mimi.