Pawabenki ya mAh 30,000 kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Tokyo: ikae begi gani, na vifaa vyetu vitafanya kazi kwa umeme wa Japani?

Mwalimu wa Soweto, Moshi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Soweto hapa Moshi, na kwa miaka kumi hivi mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili kila likizo ndefu tuione nchi moja tusiyoifahamu. Naipenda safari yenyewe sawasawa na ninavyopenda kule tuendako. Ndege ikishapaa kutoka KIA huwa nimekwisha kuomba kiti cha dirishani, na mlima unapojitokeza juu ya mawingu nakuwa na kamera mkononi kama mtu ambaye hajawahi kuuona, ingawa naamka nao kila siku. Mwezi ujao tunakwenda Japani kwa siku kumi na mbili, tukipitia Doha. Visa zimeshatoka na tiketi zimeshalipiwa.

Kinachonisumbua ni betri. Katika safari iliyopita, kwenye uwanja mmoja wa kuunganishia ndege ambao sitautaja, nilinyang'anywa pawabenki niliyokuwa nimeinunua hasa kwa ajili ya nyumbani umeme unapokatika. Afisa aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba mahali ambapo maandishi yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na funguo mfukoni, kisha akaitumbukiza kwenye ndoo iliyokuwa imejaa nyingine za namna hiyo. Niliuliza kosa langu sikujibiwa, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Iliniuma, kwa sababu katika uwanja wa kwanza nilikuwa nimepita nayo bila swali lolote.

Sasa nimenunua nyingine ya mAh 30,000, na maandishi yake yanasomeka vizuri. Naomba kujua kama nitaruhusiwa kupita nayo, na kama ni afadhali niiweke ndani ya sanduku kubwa linalopakiwa chini ili nisisumbuane na mtu. Nina pia betri tatu za akiba za kamera, kishikwambi, na mke wangu anataka kubeba draya yake ya nywele. Nimesikia kwamba umeme wa Japani ni tofauti na wetu, lakini kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mama Njiro, mhudumu wa ndege mstaafu

Kaka Mwalimu, shikamoo kwa safari zote hizo. Nimefanya kazi ndani ya ndege kwa miaka kumi na tisa, na nakuomba sana, kabla ya jambo lingine lolote, usiiweke pawabenki hiyo ndani ya sanduku linalopakiwa chini. Ni kosa, na sababu yake ni nzito kuliko usumbufu wa foleni.

Betri ya lithiamu ikipata hitilafu ndani yake, kwa mfano ikiwa imewahi kuangushwa au ilitengenezwa vibaya, huanza kujipasha joto yenyewe, na joto hilo huchochea joto zaidi mpaka chembe moja, yaani kibetri kimoja kati ya vinavyounda betri nzima, iwashe ya jirani yake. Katika shehena ya chini kuna gesi ya kuzima moto, na gesi hiyo inazima miali, lakini haiwezi kulizuia lile joto linalozaliwa ndani ya betri. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, na marubani wote wawili walifariki. Juu, mahali mnapoketi, mambo ni tofauti: mtu ataona moshi, atapaza sauti, nasi tumefundishwa kuimwagia betri maji au kinywaji chochote kisicho na kileo ili ipoe. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka pawabenki na betri zote za akiba zikae kwenye begi la mkononi. Betri zako tatu za kamera pia ni za mkononi, kila moja kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki au ikiwa imebandikwa utepe juu ya vidomo vya shaba, ili zisigusane na sarafu au funguo.

Kuhusu ukubwa, usihesabu kwa mAh (miliampia-saa). Afisa anatazama Wh (wati-saa), yaani nishati iliyomo ndani ya betri. Chukua mAh, zidisha kwa volti za betri yenyewe, ambazo kwa pawabenki nyingi ni 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Yako ya 30,000 inatoa Wh 111. Hadi Wh 100 abiria hubeba bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likukubalie kwanza, na hapo hazizidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria kabisa. Kwa hiyo hiyo mpya yako imevuka mstari kwa Wh 11 tu, na ukifika kaunta bila ruhusa wanaweza kuichukua kama ile ya kwanza. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, na hiyo haina mjadala.

Nina hakika kwamba ile ya zamani ilichukuliwa kwa sababu ya maandishi kufutika. Afisa asipoweza kusoma uwezo wa betri hana namna ya kujua iko upande gani wa mstari, na kwake salama ni kuikataa.

Jambo la mwisho, na hapa kanuni zimekuwa zikibadilika upesi. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikiwa bado chini. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai, na wachunguzi wakaielekezea shaka pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Tangu hapo Singapore Airlines walikataza kuchajia pawabenki ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, Emirates wakakataza kuitumia kabisa kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, na Japani, huko mnakokwenda, ikawataka abiria wa mashirika yake tangu Julai 2025 wasiiweke kwenye kabati la juu bali karibu nao wanapoweza kuiona. Soma ukurasa wa shirika lako usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ulichosoma mwezi uliopita huenda kimebadilika. Na popote utakapokuwa, iweke kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako.

Mwalimu wa Soweto, Moshi

Dada yangu, marahaba na ahsante sana. Miaka yote hii nilidhani ni ukorofi wa maafisa, na hakuna aliyewahi kunieleza habari ya moto unaokataa kuzimwa na gesi. Nimekwenda kuitazama tena hii mpya. Mbele imeandikwa mAh 30,000 kwa herufi kubwa, lakini Wh haikuandikwa popote. Nyumbani tuna nyingine ndogo iliyoandikwa mAh 50,000, ya bei nafuu, ambayo shemeji yangu aliniletea. Je, hiyo nayo?

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Mwalimu, hiyo ya 50,000 usithubutu kuitoa nyumbani. Kwa hesabu aliyokupa Mama Njiro inakuwa Wh 185, na kwa afisa ni mzigo uliokatazwa. Kinachosikitisha ni kwamba kwa hakika haina uwezo huo. Mimi nazifungua kila wiki hapa mezani kwangu. Ndani ya nyingi kuna chembe za duara zinazofanana na betri nene za tochi, na kila moja, ikiwa nzuri sana, hubeba mAh 3,500 na kuwa na uzito unaokaribia gramu 50. Ili kufikia 50,000 unahitaji angalau chembe kumi na tano, yaani gramu 750 kabla ya kuhesabu ganda lake. Ipeleke kwa muuza sukari akupimie kwenye mizani. Kama ina gramu 250, maandishi yake ni ya uongo. Lakini uongo huo hautakusaidia uwanjani, kwa sababu afisa atasoma kilichoandikwa.

Pima na hii ya 30,000 kwa njia hiyohiyo. Kisha ilaze juu ya kioo cha meza na uisukume ukingoni kwa kidole. Pawabenki nzima hukaa tuli. Iliyoanza kuvimba huzunguka kama pia ya kuchezea watoto, kwa sababu tumbo lake limetoka na kingo hazigusi tena kioo. Wiki iliyopita nililetewa moja ya hivyo na kijana aliyekuwa akiilaza chini ya mto akichaji simu usiku, na ganda lilikuwa limepasuka upenyo wa unene wa kucha. Ukiona dalili hiyo usiichaji tena hata nyumbani.

Sasa umeme wa Japani. Huku kwetu ni volti 230 na soketi za matundu matatu ya mstatili, kama Kenya na Uingereza. Japani ni volti 100, na plagi zao ni vijiti viwili bapa, kwa hiyo adapta ni lazima. Nunua mbili huku huku, maana moja itabaki hotelini. Utasikia pia kwamba Tokyo wanatumia hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na Osaka hezi 60, na ni kweli: mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya AEG kutoka Ujerumani na Osaka ikanunua ya General Electric kutoka Marekani, na nchi ikabaki imegawanyika hivyo hadi leo. Jambo hilo lisikutie hofu. Geuza chaja ya simu, ya kamera na ya kishikwambi, utafute maandishi madogo ya 100–240V na 50/60Hz. Ukiyaona, chaja hiyo itafanya kazi Moshi, Doha, Tokyo na Osaka bila transfoma yoyote. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu.

Draya ya shemeji, yaani mke wako, ndiyo tatizo. Za hapa mjini huandikwa 220–240V peke yake. Nguvu ya kifaa cha joto hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo draya ya wati 2,000 ikichomekwa kwenye volti 100 inabaki na wati zisizofika 400, na itampulizia upepo wa uvuguvugu mpaka achoke. Haitaungua, lakini haitamfaa, na hoteli nyingi za Japani zina draya chumbani. Hatari iko kwenye njia ya kurudi. Akivutiwa na draya au jiko la kupikia wali la kule lililoandikwa 100V peke yake, akalichomeka Moshi, litapokea nguvu zaidi ya mara tano ya iliyokusudiwa, na hapo moshi utauona kabla hujafika kwenye swichi. Nimeshaletewa majiko mazuri sana yaliyokufa hivyo siku ya kwanza, na hakuna cha kuokoa. Kama anataka jiko, aulize toleo la wageni lililoandikwa 220–240V. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme ya Tokyo huwa nayo.

Msafiri wa Sakina

Naongeza mawili tu, kwa sababu wakubwa wameshasema mengi. La kwanza, mtakapokuwa Doha mkisubiri ndege ya pili, soketi za Qatar ni kama zetu za matundu matatu, kwa hiyo chajini kila kitu hapo kwa chaja zenu za kawaida, adapta ibaki kwenye begi. Mtapitishwa tena kwenye ukaguzi mkiwa mnaunganisha, basi pawabenki iwe mahali unapoweza kuitoa upesi, isiwe chini ya nguo.

La pili lilinipata mimi mwenyewe. Ndege ilikuwa imejaa, makabati ya juu yakaisha, na tukiwa tayari mlangoni mwa ndege tukaambiwa mabegi yetu ya mkononi yapelekwe chini. Nilikabidhi langu, na nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba pawabenki imo ndani. Nilimwambia mhudumu mara moja, begi likarudishwa, ndege ikachelewa, na abiria wenzangu walikuwa na haki ya kukasirika. Tangu siku hiyo pawabenki na betri za kamera hukaa kwenye kipochi kidogo ninachokivaa begani, na hakitoki mwilini mpaka niketi.

Na kwa siku hizo kumi na mbili hutakosa umeme. Kwenye maduka madogo ya Japani yanayofunguliwa saa 24 utakuta mashine za kukodisha pawabenki. Unaikodi duka hili asubuhi na unaweza kuirudisha duka jingine jioni.

Mwalimu wa Soweto, Moshi

Nimerudi na majibu. Ile ya 50,000 nimeipima dukani kwa Mangi: gramu 310. Nimeilaza kwenye kioo na imezunguka nusu duara kabla ya kusimama, kwa hiyo nimeiweka nje barazani juu ya tofali, mbali na watoto, na Jumamosi nina safari ya Arusha, nitakuletea Fundi uniambie namna ya kuiharibu salama. Hii ya 30,000 imekaa tuli na uzito wake unaelekea kuwa wa kweli, lakini nimeamua ibaki hapa nyumbani kwa ajili ya umeme unapokatika, na nitanunua ya 20,000 yenye Wh 74 iliyoandikwa juu ya ganda. Nitapitisha utepe wa plastiki juu ya maandishi hayo ili funguo zisiyafute tena.

Mke wangu amesoma maelezo yote ya draya, akakubali iachwe. Jiko la wali bado analitaka. Fundi, nikikupigia picha ya kibandiko cha chini nikiwa dukani Tokyo, utaweza kunijibu kabla sijalipa? Huko watatutangulia kwa saa sita, kwa hiyo nitajitahidi kwenda dukani jioni, huku kwenu ikiwa mchana.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Tuma, Mwalimu. Hakikisha tu picha inaonyesha mstari wa volti wote, na usiikate upande wa kulia ambako wao huandika hezi.