CD pleya ya zamani inapiga nyimbo za mwanzo tu kisha inakwama, nianzie wapi?

Mpenda_Vya_Kale: Wakuu, heshima kwenu. Nina CD pleya ya mkononi ya mwanzoni mwa miaka ya 90, zile nzito zenye mfuniko wa chuma. Ilikaa kabatini miaka mingi. Nimeitia betri mpya, ikawaka, ikasoma CD na kuonyesha idadi ya nyimbo vizuri tu. Nyimbo za mwanzo zinapiga safi. Ikifika katikati inaanza kurukaruka, halafu inakwama kabisa na ndani nasikia tik, tik, tik. Lenzi nimeshaifuta kwa spiriti na pamba ya masikio, hali ni ile ile. CD ni orijino, haina mkwaruzo. Kila ninayemuuliza ananiambia leza imekufa, nitupe. Ni kweli?

Kamanda77: Leza imechoka hiyo mkuu. Ukifungua utaona kiskrubu kidogo sana ubavuni mwa kichwa cha leza. Kizungushe kidogo, itapata nguvu.

Fundi_Bisibisi: Kamanda, hapo naomba tupingane. Kiskrubu hicho huguswa mwisho kabisa, na hata hapo unaweka kwanza alama ya pale kilipokuwa. Kinaongeza umeme unaoingia kwenye leza. Ukiuongeza kwenye leza nzima unaiua mwenyewe.

Mleta uzi, rudi kwenye dalili zako. CD husomwa kuanzia ndani kwenda ukingoni, kinyume cha santuri. Orodha ya nyimbo iko ndani kabisa, na hapo ndipo diski inapokimbia zaidi, kama mizunguko 500 kwa dakika. Ukingoni hushuka hadi 200 hivi. Leza iliyochoka kwa kawaida hukwama hapo hapo kwenye orodha. Yako inaisoma na inapiga. Kinachoshindikana ni kichwa kusafiri kwenda nje, na ninayemshuku ni grisi. Kwa miaka yote hiyo imekauka kwenye reli ikawa kama gundi, mota inasukuma, gia zinaruka meno. Ndiyo hiyo tik tik.

Hakikisha hivi: toa betri, fungua skrubu za chini (nyingine hujificha chini ya vile vimiguu vya mpira), inua taratibu maana kuna utepe mwembamba wa nyaya unaochanika kirahisi. Zungusha gia kwa kidole. Kichwa kinatakiwa kiteleze kutoka ndani hadi nje kwa uzito ule ule. Kikigoma mahali, umempata mwizi.

Futa grisi yote ya zamani kwa spiriti, meno ya gia yachokoe kwa kijiti cha meno, kisha paka grisi nyeupe isiyodhuru plastiki, kidogo sana. Mafuta ya kupikia hapana. Ya cherehani nayo hapana, yatatiririka hadi kwenye lenzi. Na angalia kama gia ina ufa, ukiwepo grisi haitasaidia.

Bi_Mawimbi: Nyongeza tu. Usiibonyeze swichi ya mfuniko (ile inayoiambia mashine kuwa imefungwa, leza ikawaka) ukiwa umeinamia lenzi. Mwanga wa leza hiyo ni wa nanomita 780, jicho halioni karibu chochote lakini linaumia. Pia shika kitu cha chuma kilichogusana na ardhi kabla ya kugusa kichwa, umeme tuli huua leza kimyakimya.

Ukiijaribu, tumia orijino hiyo hiyo. CD za kuchoma, hasa zile za kufutika, zinaakisi mwanga kidogo mno, na mashine nyingi za umri huo hazizisomi hata zikiwa mpya. Watu wametupa pleya nzima kwa sababu hiyo.

Na ukitaka kutumia adapta, soma mchoro wa kujumlisha na kutoa pembeni mwa tundu. Nyingi zinataka volti 4.5, ila watengenezaji wengine wameweka kujumlisha katikati, wengine kutoa. Ukigeuza, tutafungua uzi mwingine.

Mpenda_Vya_Kale: Mrejesho wakuu. Nimefungua. Grisi ilikuwa ya kahawia, na kichwa kiligoma katikati ya reli kama Fundi alivyosema. Gia hazina ufa. Nimesafisha, nimepaka, sasa CD inapigwa hadi wimbo wa mwisho! Kimebaki kimoja: hedfoni upande wa kushoto inakatika nikiigusa plagi. Kapasita?

Kamanda77: Sawa Fundi, leo umeshinda 😂

Fundi_Bisibisi: Kapasita ingevujisha maji kwenye bodi na sauti ingefifia hata plagi ikitulia. Yako inakatika kwa kuguswa, kwa hiyo ninayoishuku ni risasi ya kulehemu iliyopasuka chini ya tundu la hedfoni. Utaona kiduara chembamba cheusi kuzunguka pini. Ipashe moto upya na uongeze risasi kidogo. Tumia pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba na usizidishe sekunde 2 au 3 kwa kila pini, plastiki ya tundu huyeyuka upesi.