Kamera ya utumbo mpana imekwama kwa mama. Ile ya puto ikoje?

Binti wa Kongwa: Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 63, juzi kapimwa hapa Dodoma. Usiku kucha dawa ya kusafisha tumbo ilimpeleka chooni huku ameshika ukuta. Halafu daktari anatuambia kamera imegomea katikati, utumbo umejikunja, tena aliwahi kupasuliwa mara mbili. Roho imeniuma. Nasikia kuna kamera ya puto?

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu, poleni. Makovu ya upasuaji hugandisha utumbo, kamera ikisukumwa inajikunja tu. Hii ya puto hupita ndani ya mrija laini. Puto la mrija likijazwa hewa linaushika utumbo kwa ndani, daktari anavuta taratibu, mikunjo inanyooka, kamera inasonga. Mjapani Hironori Yamamoto aliitangaza mwaka 2001 kwa ajili ya utumbo mwembamba. Ombeni ripoti ionyeshe kamera iliishia wapi.

Kaka wa Area C: Baba yetu aliishia kupigwa CT (picha za eksirei za kompyuta) ya utumbo mpana. Inaonyesha uvimbe, ila haichukui kinyama cha kupima.

Binti wa Kongwa: Asanteni sana. Kesho asubuhi naifuata ripoti.