Mjadala: Gemu ya Riot itaweza kuing'oa World of Warcraft?

Wakuu, heshima kwenu. Ubishi huu umezunguka Arusha nzima, wana wa Sakina na wa Njiro wameshindwa kuafikiana, na mimi naona umefika wakati wa kuuweka wazi kila mtu atoe hoja yake.

Swali lenyewe: gemu ya mtandaoni ambayo kampuni ya Riot wanaijenga juu ya ulimwengu wa gemu yao nyingine, League of Legends, ile ya kuishi ndani ya mhusika wako pamoja na maelfu ya wenzako, inaweza kuipita World of Warcraft, mfalme wa gemu za aina hiyo? Mimi nasema inaweza. Na sababu yangu kubwa ni ileile ambayo upande wa pili wanaitumia kuizika.

Wao wanasema hivi. Gemu ilitangazwa Desemba 2020. Greg Street, aliyeitangaza, akaondoka Riot mwaka 2023. Machi 2024 Marc Merrill, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, akasema kazi imeanzishwa upya kwa mwelekeo mwingine na kwamba watakaa kimya kwa miaka. "Kaka, hiyo ishakufa, tufanye mengine," ndiyo kauli ya jamaa yangu wa Kaloleni, na wengi wanamuunga mkono.

Lakini angalieni Merrill alitoa sababu gani. Alisema walichokuwa wanajenga hakikuwa na tofauti ya kutosha na gemu zilizopo. Binafsi sishangai, maana Street mwenyewe kabla ya Riot alikuwa Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, akisanifu mifumo ya gemu hiyohiyo. Kampuni iliyoweza kutupa kazi ya miaka kwa sababu inafanana na ya mpinzani, hiyo imeelewa tatizo.

Kwa sababu wapinzani wa World of Warcraft walioshindwa, wote wameshindwa kwa kufanana nayo. Warhammer Online ilitoka 2008, ikafungwa 2013. Star Wars: The Old Republic ilitoka Desemba 2011 ikiwa na jina zito kuliko yote, na haikutimiza mwaka kabla ya kufungua milango kwa wasiolipa. WildStar ilitoka 2014, ikazimwa 2018. Mchezaji alikuwa anaingia, anamaliza leveli, anajikuta anafanya kazi zilezile za kutumwa na kupigana na mabosi (maadui wakubwa) walewale waliobadilishwa sura, halafu anakumbuka kwamba wenzake wote amewaacha Azeroth, ulimwengu wa World of Warcraft. Anarudi. Nani asingerudi?

Halafu kuna New World ya Amazon, Septemba 2021. Watu zaidi ya 900,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni! Baada ya miezi michache wengi wao hawapo. Kwa hiyo atakayeniletea takwimu za wiki ya kwanza kama ushahidi, wa upande wowote, simsikilizi. Mimi nataka za baada ya miezi sita.

Mfano unaonipa imani ni Final Fantasy XIV. Toleo la 2010 lilikuwa baya kiasi kwamba kampuni iliyoitengeneza, Square Enix, waliomba radhi. Wakamkabidhi mwongozaji mpya, Naoki Yoshida, naye akajenga gemu mpya huku ile ya zamani ikiendelea kuchezwa, kisha Novemba 2012 wakaifunga kwa kuuangusha mwezi juu ya ulimwengu wake wachezaji wakitazama. Agosti 2013 ikarudi, na tangu hapo ndiyo iliyoisumbua Blizzard kweli. Kuanza upya hakukuiua. Kulikuwa ndiko kupona kwake.

Sasa nimpe mfalme haki yake. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na Oktoba 2010 ilikuwa na wanachama milioni 12 wanaolipa. Septemba 2005 ugonjwa uliotoka kwa bosi mmoja ulivuka mipaka yake, ukasambaa mijini ndani ya gemu na kuua wahusika ovyo, hadi watafiti wa magonjwa ya mlipuko wakauandikia makala. Historia ya namna hiyo hainunuliwi, na anayedhani picha nzuri zitaishinda anajidanganya.

Ila kumbukeni kabla yake mfalme alikuwa EverQuest ya 1999. Huko ukifa unapoteza uzoefu uliohangaikia, na inabidi uifuate maiti yako ili upate vifaa vyako. Blizzard waliwaondolea wachezaji kero hiyo, wakamruhusu hata mtu wa peke yake asonge mbele. Ndivyo ufalme ulivyohama. Na leo kero zipo: toleo kubwa jipya likitoka, vifaa ulivyovisaka kwa miezi vinakuwa takataka, na ada ni dola 14.99 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 35,000. Kwa kijana wa Ngarenaro hiyo ni bando la mwezi na chenji juu.

Hofu yangu iko sehemu nyingine kabisa, na huku kwetu haizungumzwi. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha gemu. Sisi tunachezea za Ulaya, na hata intaneti ikiwa safi, amri yako kwenda na kurudi inachukua zaidi ya milisekunde 100. World of Warcraft inavumilia hilo: unamchagua adui, unabonyeza, na kati ya pigo na pigo kuna pumziko la kama sekunde moja na nusu. Riot wakileta mapigano ya kukwepa na kulenga kwa mkono, bila seva Afrika, mtu wa Arusha atauawa na shambulio ambalo kwenye skrini yake alishalikwepa. Na nyaya zenyewe za baharini mnazijua. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja, Afrika Mashariki nzima ikahema. Hapo hata mimi ninayeitetea nitabaki Azeroth.

Kwa hiyo wa upande wa pili, msinijibu kwa "imechelewa". Nitajieni gemu moja iliyoiga World of Warcraft, ikatoka kwa wakati, na ikaishinda.