Siro gani inafaa kikohozi cha mtoto? (Goma)

MamaNeema_Ndosho: Hamjambo wakaka na wadada. Mtoto wangu anakohoa, usiku nyumba nzima hatulali. Famasi wananionyesha siro mbili, na pesa niliyo nayo ni ya moja. Ipi inafaa?

Papa_Keshero: Unapikia makaa ndani? Toa mbabula, lile jiko, nje kwanza. Hapa kwangu ndiyo ilikuwa dawa.

ShangaziKatindo: Wamama wa leo, siro tu siro! Sisi tulilelewa na tangawizi.

Birere_Boy: Mimi pia nakohoa. Yangu inaponywa na bia, Primus ya baridi 😂

Muuguzi_Himbi: Mama Neema, mtoto ana umri gani? Ananyonya vizuri?

MamaNeema_Ndosho: Ananyonya ila anaachaachia. Homa kidogo.

Muuguzi_Himbi: Umri, mama.

MamaNeema_Ndosho: Wiki saba. Lakini mnene, ukimwona utasema miezi minne. Nilimpa amoksisilini iliyobaki ya dada yake, nusu kijiko, akatulia. Kesho kuna baba mmoja anakuja kumkata kilimi, nusu ya pesa tumeshatoa. Kwetu wote tumekatwa na tuko wazima.

Muuguzi_Himbi: Usinunue siro yoyote, na huyo baba asije. Nimonia iko kwenye mapafu, kilimi kiko kooni. Wembe utamwachia damu na kidonda tu. Ile nusu kijiko imemficha ugonjwa, haijamponya. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni hatari. (Wenye wakubwa: miezi 2 hadi 12 ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40.) Je, anakohoa mfululizo mpaka midomo inageuka rangi, au anakatika pumzi? Kifaduro kwa wachanga hivi mara nyingi hakina ule mlio mnaoujua. Chanjo ya wiki 6 alipata?

MamaNeema_Ndosho: Bado. Siku ile mvua ilinyesha. Na mama mkwe ndiye aliyemwita huyo baba, nitamwambia nini?

Papa_Keshero: Mwaka 2021 Nyiragongo ilipolipuka tulikimbilia Sake, kijana wangu akakohoa njia nzima. Watu walisema sumu ya volkeno, kumbe nimonia. Alichomwa sindano hospitalini…

Mpelelezi243: Ngojeni kwanza. Mama huyu mwezi wa tano alileta uzi hapa wa bwana aliyemkimbia. Mimba hakutaja. Leo ana mtoto wa wiki saba na mama mkwe? Anatutungia hadithi.

ShangaziKatindo: Nami nilishtuka! Halafu atafungua mchango.

MamaNeema_Ndosho: Kwani mimba inatangazwa kwa watu? Bwana alikimbia, mama yake hakukimbia. Sijaomba hata faranga moja.

Birere_Boy: Mama mkwe amebaki kama deni 😂

Mpelelezi243: Piga picha ya fishi, kadi ya chanjo, basi.

ShangaziKatindo: Hana, si amesema mvua.

MamaNeema_Ndosho: Nimehesabu mara mbili. 66, halafu 68. Akivuta pumzi, chini ya mbavu panaingia sana ndani.

Muuguzi_Himbi: Toka sasa hivi. Hospitali yenye oksijeni, si kituo kidogo. Mfunike, mbebe kifuani, mnyonyeshe njiani akikubali. Amoksisilini uliyompa waambie, usifiche.

Papa_Keshero: Uko upande gani wa Ndosho? Nina pikipiki.

MamaNeema_Ndosho: Mama mkwe amekaa mlangoni. Anasema tungoje kuche.

ShangaziKatindo: Mpe simu. Mpe simu niongee naye mimi, ni wa rika langu.